Mjadala: Je, kila mwanafunzi asimame mbele ya darasa apewe alama?

Mwanzilishi, Kisumu: Mtaala wa umilisi (CBC) wa Kenya unaweka mawasiliano na ushirikiano kati ya umilisi saba wa msingi. Shule nyingi zimechukulia kwamba kila mtoto lazima asimame mbele, awasilishe, apewe alama. Je, jambo hili linamjenga mtoto au linamvunja?

Mwalimu wa Gredi 8, Kondele: Linamjenga, mradi alama zisitangulie mazoezi. Tatizo ni muda. Darasa lina watoto 60, kipindi ni dakika 40. Dakika 3 za kuzungumza na 1 ya maoni ni watoto 10 kwa kipindi, yaani vipindi 6 kwa zamu moja tu. Ndiyo maana kundi humtuma yuleyule msemaji hodari, wengine wanashika karatasi ya manila tu. Hao wanapewa alama ya nini?

Mzazi, Ahero: Mtoto akichekwa lafudhi yake ya Kijaluo mara moja, hainui mkono tena muhula mzima. Mwenye haya aruhusiwe kuandika. Kuandika nako ni mawasiliano.

Mwalimu wa Kiswahili, Kakamega: Mzazi, nakuelewa, lakini kuandika hakumfundishi kupumua wala kutazama watu. Kinachoumiza ni kurushwa mbele bila ngazi. Wiki ya kwanza wazungumze wawili wawili, darasa zima kwa pamoja, dakika 2 kila mmoja. Ile kelele humsitiri mwoga. Wiki ya pili, makundi ya sita. Ya tatu ndipo mbele, na kadi moja yenye maneno matano, si sentensi. Anayekariri aya nzima akisahau neno moja hukwama kabisa, kwa sababu kila sentensi inasubiri iliyotangulia. Akariri sentensi ya kufungulia tu. Mwenzake akae dawati la nyuma, ainue mkono sauti isipomfikia. Mvua ikipiga mabati, ahirisheni. Akishindana nayo atapiga mayowe, mpangilio wote upotee. Na lafudhi isikatiwe alama: neno likieleweka, limetosha.

Mzazi, Ahero: Hapo sawa. Ila anayecheka achukuliwe hatua papo hapo, si baada ya kipindi.

Mwalimu wa Gredi 8, Kondele: Ngazi hizo nazikubali, na zamu ya kwanza iwe ya maoni tu: jambo moja zuri, moja la kurekebisha. Lakini kumsamehe mtoto kabisa, hapana. Asiyeweza mbele ya 60 apimwe mbele ya sita, kwa vigezo vilevile.

Mzazi, Ahero: Kwa sita, wangu atasimama.