Gesi haizungushi feni

Kikundi: UKOO WA BIBI MWAJUMA
Jumamosi

[14:06] Zuhura: Asalaam aleikum wote. Mjomba Rashidi upo hewani? Feni ya AC imekata kabisa, upepo hautoki hata chembe. Tunatoka kliniki na bibi, mvua kubwa, kioo cha mbele kimejaa ukungu sioni mbele. Nimepaki pembeni hapa Kimara Korogwe.

[14:07] Mama Zuhura: Yarabi. Bibi hajambo?

[14:08] Zuhura: Hajambo mama, anatafuna karanga zake. Nimeshusha vioo kidogo.

[14:09] Salumu: Pole dada. Itakuwa gesi hiyo. Yangu ilijazwa mwezi uliopita ikapona.

[14:09] Zuhura: Na fundi wa hapa kasema gesi. Anataka 80,000.

[14:12] Mjomba Rashidi: Waaleikum salaam. Zuhura, usitoe hela. Gesi haizungushi feni. Gesi ikiisha upepo unatoka vilevile, ila wa moto. Wewe hupati upepo kabisa, kwa hiyo ni umeme au mota yenyewe.

[14:13] Zuhura: Shikamoo mjomba. Nakusikiliza.

[14:13] Mjomba Rashidi: Marahaba mwanangu. Kabla ya leo namba zote za feni zilikuwa zinapuliza?

[14:15] Zuhura: Hapana. Kama mwezi hivi 1, 2 na 3 kimya. Nikiweka 4 inapuliza, nikazoea.

[14:18] Mjomba Rashidi: Basi gari lilishakwambia mapema. Ikibaki namba ya mwisho peke yake, jua rizista ya bloa, yaani ya hiyo feni, imekufa. Namba ndogo zinapitia kwenye rizista ili mota ipate umeme kidogo. Ya mwisho haipiti huko, inakwenda moja kwa moja. Leo hata 4 imekufa, kwa hiyo kuna jambo la pili. Washa swichi, weka 4. Inama upande wa abiria, chini ya kidroo cha dashibodi, utaona kitu cha duara kama kopo, kina waya. Kigonge taratibu kwa mpini wa bisibisi.

[14:19] Zuhura: Sina bisibisi. Kisigino cha kiatu?

[14:19] Mjomba Rashidi: Kinatosha.

[14:24] Zuhura: MJOMBA IMEAMKA! Imezunguka kama nusu dakika, ikakwaruza krrr, ikazima tena. Kuna kaharufu ka kuungua.

[14:25] Mjomba Rashidi: Zima swichi, usirudie. Fyuzi ni nzima, ingekuwa imekatika isingezunguka hata ungegonga mpaka jioni. Kaboni za ndani ya mota, zinazoipa umeme, zimekwisha, ukigonga zinagusa kidogo. Harufu inaweza kuwa soketi ya waya zake.

[14:26] Salumu: Jirani yangu yake ilikuwa inakata fyuzi kila siku. Akaweka fyuzi kubwa, mpaka leo inadunda.

[14:29] Mjomba Rashidi: Salumu, mwambie jirani aitoe leo hii. Nimeshafungua dashibodi nikakuta waya zimeyeyuka zikagandana kama nta. Fyuzi imewekwa ife yenyewe ili waya upone. Ukiweka ya ampea nyingi zaidi, waya ndio unaogeuka fyuzi, na waya umepita nyuma ya plastiki na mazulia. Gari linawaka na watu wamo.

[14:30] Salumu: Nimekuelewa mjomba. Nampigia sasa hivi.

[14:31] Mama Zuhura: Zuhura, usiondoke hapo mpaka kioo kiwe safi. Futa kwa khanga kavu. Mvua ikatike kwanza.

[14:32] Zuhura: Sawa mama.

[18:47] Mjomba Rashidi: 📷 Picha
Tumelifungua hapa nyumbani. Skrubu tatu tu, mota ikashuka. Tazameni majani ya mwarobaini yalivyojisokota kwenye pangaboi. Filta ya ndani haipo kabisa.

[18:49] Zuhura: Fundi wa sevisi aliitoa mwaka jana, akaniambia si lazima.

[18:52] Mjomba Rashidi: Ni lazima. Majani yanaingilia pale chini ya kioo cha mbele na kuangukia humu. Mota inazunguka kwa shida, inavuta umeme mwingi, rizista inachemka. Na rizista inapozwa na upepo wa bloa hiyohiyo, upepo ukizibwa inaungua. Soketi nayo imebadilika rangi upande mmoja, nitaikata niweke nyingine. Ukiacha hii, rizista mpya haimalizi mwezi.

[18:53] Zuhura: Kesho twende Gerezani kwenye maduka ya spea?

[18:55] Mjomba Rashidi: Twende asubuhi, na mota ya zamani tuibebe. Tutachukua ya mtumba, lakini hatulipi mpaka iunganishwe kwenye betri pale dukani izunguke tuisikilize. Isiwe na mlio wala kuyumba. Rizista tununue mpya, tuhesabu pini zilingane. Na filta.

Jumapili

[16:20] Zuhura: Alhamdulillahi. 1 mpaka 4 zote zinapuliza. Bibi kasema 2 inamtosha, 4 inamuumiza magoti. Ahsante sana mjomba wangu, Mungu akuzidishie.

[16:34] Salumu: Mjomba, nimefungua kidroo changu. Filta ninayo ila nyeusi tii.

[16:36] Mjomba Rashidi: Usiipulize, nunua nyingine. Pembeni ina mshale wa upepo, usiigeuze.