Tuhamie wapi penye joto bila kujuta baadaye?

Swali kutoka kwa Mtafuta Jua

Ndugu zangu, naomba ushauri katika jambo ambalo mimi na mume wangu tumelizungumza kwa miaka mitatu bila kufikia uamuzi. Tunaishi mahali ambapo baridi huanza mwezi wa Novemba na haituachi mpaka Aprili, na katika kipindi hicho chote tunatoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Mume wangu ana miaka 58, na viungo vya vidole vyake hukaza kila asubuhi ya baridi hata akashindwa kufunga vifungo vya shati bila kusaidiwa. Kazi yangu naifanya kwa kompyuta, na mwajiri ameniruhusu niifanye nikiwa popote. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka 11. Hatutafuti mahali pa likizo. Tunatafuta mahali pa kuishi, ambapo tutatembea kwa miguu, tutakaa nje jioni na tutajuana na majirani.

Tumebakiwa na sehemu tatu: pwani ya kusini ya Ureno au Hispania, visiwa vya Madeira (vya Ureno) na Kanari (vya Hispania), na miji ya nyanda za juu iliyo karibu na ikweta, kama vile Quito, mji mkuu wa Ekuado. Nimekuwa nikilinganisha wastani wa joto wa mwaka wa kila mji, lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa, kwa sababu miji ambayo wastani wake unakaribiana husimuliwa na wakazi wake kwa namna zisizofanana hata kidogo. Ninyi mliokwisha kuhama mliangalia nini, na ni jambo gani mlilipuuza ambalo mngependa mngeambiwa mapema?

Jibu la Upepo wa Kusi

Dada Mtafuta Jua, wastani wa mwaka uweke kando kabisa. Madrid na Quito zote mbili zina wastani unaokaribia nyuzi 15, lakini Madrid hushuka hadi nyuzi sita hivi mwezi wa Januari na kupanda zaidi ya nyuzi 25 mwezi wa Julai, ilhali Quito haibadiliki sana tangu Januari hadi Desemba. Chukua mwezi wenye baridi kuliko yote na mwezi wenye joto kuliko yote, uitazame miezi hiyo miwili peke yake, mchana wake na usiku wake, kisha ujiulize kama mnaweza kuishi ndani yake. Mwanasayansi Wladimir Köppen, ambaye uainishaji wake wa tabianchi unatumika hadi leo, aliyatenga maeneo ya kitropiki kwa kigezo cha namna hiyohiyo: mwezi wa baridi zaidi usipungue wastani wa nyuzi 18. Kwa mtu anayeikimbia baridi, mwezi huo ndio unaompa jibu.

Jambo tulilolipuuza sisi ni nyumba yenyewe. Tulihamia Lisbon tukiamini kwamba baridi tumeiaga, kwa kuwa mchana wa Januari huko hufika nyuzi 14 au 15 na jua huonekana mara kwa mara. Hatukufahamu kwamba nyumba nyingi za zamani za pwani ile zilijengwa kwa kupambana na joto la kiangazi: sakafu za vigae, kuta zisizo na kitu cha kuzuia baridi isipenye, madirisha ya kioo kimoja, na hakuna mfumo wowote wa kupasha joto. Tena mvua za huko hunyesha wakati wa baridi, kiangazi kikiwa kikavu, kwa hiyo unyevu na ubaridi huingia nyumbani kwa pamoja. Kulikuwa na asubuhi ambazo kipimajoto kilichokuwa kando ya kitanda chetu kilisoma nyuzi 13. Taulo niliyoianika bafuni Jumatatu ilikuwa bado mbichi Jumatano. Tuliposogeza kabati la nguo mwezi wa Februari tulikuta ukuta wa nyuma yake umetanda kuvu jeusi kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, na mwenye nyumba akatujibu kwamba tuwe tunafungua madirisha. Tulikotoka nje kulikuwa na theluji, lakini ndani tulivaa fulana. Huku tulilala na soksi na masweta.

Kwa hiyo, ukiwa na mume ambaye vidole vyake hukaza, usiulize tu kuhusu mji. Uliza nyumba imeelekea wapi, kama sebule inapata jua la mchana mwezi wa Januari, kama madirisha yana vioo viwili, na umeme unaoingia nyumbani unatosha kuwasha hita mbili kwa wakati mmoja.

Kuhusu kiangazi sitasema mengi, ila msikidharau. Tarehe 11 Agosti 2021 kituo kimoja katika kisiwa cha Sicily kilipima nyuzi 48.8, na mwezi wa Juni 2017 moto wa msituni katika eneo la Pedrógão Grande, Ureno, uliua watu 66, wengi wao wakiwa barabarani wanajaribu kukimbia. Ile nyumba nzuri ya bei nafuu iliyozungukwa na misonobari na mikalitusi, yenye njia moja tu ya kutokea, muikatae hata kama moyo umeipenda.

Jibu la Mkaa Milimani

Nakubaliana na Upepo wa Kusi kuhusu mwezi mbaya, lakini naona nyanda za juu hazijatajwa ipasavyo. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na ndiyo sababu mji unaweza kukaa karibu kabisa na mstari wa ikweta na bado wakazi wake wakavaa koti jioni. Quito iko kwenye mwinuko wa mita 2,850 hivi. Usiku wake ni wa baridi mwaka mzima, na asubuhi, saa ambazo mume wako hupata taabu, ndizo zenye ubaridi kuliko zote. Mkiupenda ukanda huo, tafuteni mji ulio kati ya mita 1,000 na 1,500, ambako usiku hauumizi na mchana hauchoshi. Mwinuko mkubwa una mambo mengine mawili: hewa ni nyepesi, hivyo mwenye tatizo la moyo au mapafu apate kwanza kauli ya daktari, na miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000, hata siku ambayo wewe unahisi ubaridi.

Mmesema mnataka kukaa nje jioni. Karibu na ikweta jua huzama mnamo saa kumi na mbili na kitu kila siku ya mwaka, na giza huingia upesi. Nimeona watu waliozoea jioni ndefu za kiangazi, jua likiwaka hadi saa tatu usiku, wakihuzunika kwa jambo hilo kuliko walivyotarajia. Kwa upande mwingine, hakuna tena miezi ya kutoka gizani na kurudi gizani, na kwangu mimi hilo lilitosha kulipia yote.

Nyanda za chini za ukanda huohuo ni habari nyingine. Hewa ikishajaa unyevu, jasho halikauki, na mwili hauna njia nyingine kubwa ya kujipoza. Nyuzi 31 zenye unyevu mwingi humchosha mtu kuliko nyuzi 37 za mahali pakavu. Viatu vyangu vya ngozi vilivyokaa kabatini wiki mbili vilitoka vimeota ukungu wa kijani kwenye mishono. Na kuhusu vidole, joto hulegeza kukaza, lakini halitibu ugonjwa wenyewe. Tafadhali msihame kwa matumaini ya kuziacha dawa.

Jibu la Mhamaji wa Mara Mbili

Wenzangu wameeleza hali ya hewa vizuri. Mimi niliondoka mahali pangu pa kwanza penye joto, na kilichoniondoa hakikuwa joto wala baridi.

Niseme kwanza kuhusu vibali. Kama hamna uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, hata wale wasiohitaji viza hawaruhusiwi kukaa katika eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo huhesabiwa kwa nchi zote za eneo hilo kwa pamoja. Ukikaa zaidi ya siku 183 kwa mwaka katika Ureno au Hispania unahesabiwa kuwa mkazi wa huko kwa ajili ya kodi, na nchi nyingine nyingi hutumia kipimo hichohicho. Ruhusa ya mwajiri wako ni mwanzo tu; nchi zote mbili zina viza za wanaofanya kazi kwa mbali kwa waajiri wa nje, Ureno tangu Oktoba 2022 na Hispania tangu 2023, lakini suala la kodi na michango ya hifadhi ya jamii lisemwe na kuandikwa kabla hamjafunga masanduku. Pia msijenge maisha yenu juu ya nafuu ya leo. Ureno iliacha kutoa ukazi kwa wanaonunua nyumba mwaka 2023, na nafuu yake kubwa ya kodi kwa wageni ikafungwa kwa waombaji wapya mwaka uliofuata; Hispania nayo ikafuta ukazi wa wawekezaji Aprili 2025. Aliyehama kwa sababu ya sheria moja hubaki na nini ikibadilika?

Lililoniuma ni majirani. Nilipanga nyumba katika mtaa wa pwani uliojaa watu mwezi wa Agosti, wenye migahawa na basi la kila nusu saa. Ilipofika katikati ya Oktoba vibaraza vilishushwa mapazia, maduka yakafungwa hadi majira ya kuchipua, na basi likawa linapita mara mbili kwa siku. Katika jengo la familia 24 tulibaki watatu. Jua lilikuwepo, bahari ilikuwepo, na niliweza kukaa siku nne bila kumsalimia mtu. Kwa mtoto wa miaka 11 mahali kama hapo pangekuwa jela. Tafuteni mtaa wenye shule ya msingi, kwa maana penye watoto wa shule ndipo watu wanaishi mwaka mzima. Lugha ya hapo muanze kujifunza sasa. Mtoto wa umri huo bado huishika haraka, na yeye ndiye atakayewafungulia milango ya wengine.

Tena mkumbuke kwamba wenyeji wana maumivu yao. Mwezi wa Aprili 2024 maelfu ya wakazi wa Visiwa vya Kanari waliandamana kwa sababu utalii umepandisha kodi za nyumba kupita uwezo wa vijana wao. Mkienda huko, pangeni nyumba kwa mkataba mrefu kama wapangavyo wenyeji, na msichukue ile inayokodishwa kwa wiki.

Mtafuta Jua

Nimewasoma wote zaidi ya mara moja, na jana tulikaa mezani tukafuta safu nzima ya wastani wa mwaka. Kwa kutazama mwezi mbaya, tumeegemea visiwani: naona Funchal, mji wa Madeira, una wastani wa nyuzi 16 au 17 mwezi wa Februari na nyuzi 23 hivi mwezi wa Agosti, wala sijaona mahali pengine katika orodha yetu penye tofauti ndogo kama hiyo bila mwinuko mkubwa. Je, ndani ya kisiwa kimoja, upande una maana? Na twende kujaribu lini?

Jibu la Upepo wa Kusi

Upande una maana kuliko kisiwa chenyewe. Pale Tenerife, kimoja cha Visiwa vya Kanari, upepo wa kaskazini mashariki huvuma sehemu kubwa ya mwaka, ukibeba unyevu wa bahari. Mlima Teide, wenye mita 3,715, na milima iliyoungana nao huuzuia. Basi kaskazini ni kijani na mawingu, na kusini ni kukavu karibu na jangwa. Miji ya La Laguna na Santa Cruz imekaribiana sana, lakini La Laguna iko juu kwa zaidi ya mita 500, na ukitumia ile hesabu ya nyuzi 6.5 utaona kwamba mnapoteza nyuzi tatu na zaidi, mbali na umande. Madeira nayo upande wa kusini, ulipo mji wa Funchal, ndio wenye jua zaidi, ila barabara zake ni za miinuko mikali. Mnaopenda kutembea mzijaribu kwa miguu yenu wenyewe, mkiwa mmebeba mifuko ya sokoni.

Nendeni Januari na Februari, angalau wiki sita, katika nyumba ya kawaida ya kupanga, wala si hotelini. Chukueni kipimajoto kidogo kinachopima na unyevu, mkiweke kando ya kitanda upande anaolala mume wako, na kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha mwandike daftarini mambo matatu: nyuzi, unyevu, na kama shati amelifunga mwenyewe.