Unene wa wanyonge Unguja: mdomo wa mtu au mkono wa Serikali?

Kijana wa Magomeni: Asalaam alaykum. Zamani kitambi kilikuwa cha mwenye duka. Leo nenda kliniki yoyote ya presha na sukari uangalie waliokaa kwenye benchi: muuza maandazi, mchukuzi wa Darajani, mama wa nyumba ya kupanga. Nauliza, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) iingie kati, itoze kodi soda na iondoe chipsi milango ya skuli? Au tumbo la mtu ni lake, alichunge mwenyewe?

Mtu wa Hesabu: Ni lake. Hakuna aliyeshikwa mkono akalishwa urojo. Pesa ya soda unayo, ya muhogo huna? Na wanawake wetu wa mjini ndio basi tena, akishaolewa safari yake inaishia mlangoni, jioni baraza na bajia. Halafu Serikali imsaidie!

Bi Kikwajuni: Ngoja hapo hapo. Mwanamke gani huyo asiyetembea? Mie naamka kabla ya adhana, nateka maji, nakosha vyombo, nafua, watoto waende skuli. Hayo mazoezi nikayafanye wapi? Uwanja wa Maisara jioni wamejaa wanaume na mipira yao. Nikikimbia barabarani na buibui langu, wanaopiga miluzi ni nyinyi. Mmejazana Jaws Corner kutwa na dhumna, matumbo yamewafika magotini, wala hamsemwi.

Mtu wa Hesabu: Bi dada, sikukusema wewe.

Bi Kikwajuni: Umesema "wetu". Wa nani?

Mzee wa Kijiwe: Dhumna ni kazi ya akili, na akili inataka sukari. Kijiwe changu kiachieni.

Mstaafu wa Afya: Turudi kwenye kodi. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, vijiko vya chai tisa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite kama gramu 50 kwa siku, na hapo chai bado hujainywa. Mexico walianza peso moja kwa lita, nadhani 2014 au 2015, watu wakapunguza kununua.

Kijana wa Magomeni: 2014, mzee wangu.

Mstaafu wa Afya: Ahsante. Uingereza na Afrika Kusini wakafuata 2018. Kule Uingereza viwanda vyenyewe vilipunguza sukari ili vikwepe kodi, mnywaji hata hakuhubiriwa.

Mvuvi wa Chwaka: Soda ni ya sikukuu kwetu. Kaeni duka la mtaani asubuhi muone: mtoto anatumwa boflo mbili, sukari robo, mafuta ya kupima kwenye kifuko. Hiyo ndiyo chai ya watu sita. Mchana wali, mchele wenyewe umekuja na meli. Mie nikipata samaki changu mzuri simli, anakwenda hoteli, kwa sababu pesa yake inanunua mchele wa siku kadhaa. Sasa huyo Mtu wa Hesabu anaposema nichague, nichague nini?

Mzanzibari Kamili: Mnabishania kodi isiyo yetu. Ushuru wa bidhaa zinazotengenezwa nchini umo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, pamoja na ushuru wa forodha. Afya haimo. Yaani mgonjwa wetu, ushuru wao!

Mtu wa Hesabu: Haya, tumefika. Hata kitambi changu cha Muungano?

Mzanzibari Kamili: Kitambi ni chako. Ushuru wa soda yako ndio wa Muungano. Kasome Katiba kwanza.

Mtu wa Hesabu: Nimesoma kabla hujazaliwa, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tunakusanya wenyewe.

Mzanzibari Kamili: VAT nayo utaitoza soda peke yake? Hebu nielimishe, sheikh.

Mwana wa Wete: Siye Pemba hatuna hadithi hizo. Muhogo, majimbi, samaki, basi.

Chake Damu: Weye Pemba umetoka mwaka gani? Njoo Chake usiku uhesabu makarai ya chipsi. Na huo muhogo tunaukaanga.

Mwana wa Wete: Kwetu unapikwa kwa nazi.

Bi Kikwajuni: Tui la kwanza, zito, halafu useme hamna mafuta! Lakini hakuna aliyenijibu. Januari mosi mnatembea na viongozi siku ya mazoezi, mnapigwa picha, Januari mbili mnarudi barazani. Mie sitaki kodi yenu. Maisara itengewe wanawake saa moja hadi saa tatu asubuhi, na askari wa kufukuza wapiga miluzi. Hiyo nayo ni Serikali kuingilia, na haihitaji Bunge la Muungano.

Mzee wa Kijiwe: Siku zote sawa, ila Jumapili saa hizo maveterani tuna mechi.

Bi Kikwajuni: Si mlisema mnacheza dhumna?