Malalamiko: Wauza vigae wa Nairobi wanatuuzia mng'ao na kutuficha daraja la utelezi

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Katika jiji hili unaweza kuingia duka la vigae lililoko Mombasa Road, Eneo la Viwanda au Kirinyaga Road, ukaelezwa ukubwa, rangi, nchi kilikotengenezwa kigae na bei ya kila mita ya mraba, kisha ukatoka bila kuambiwa jambo ambalo ndilo litakaloamua kama watu wako watasimama au wataanguka: uso wa kigae hicho umemalizwa vipi, na ukilowa maji unashika mguu kwa kiasi gani.

Ninasimamia nyumba za kupangisha za familia yetu huko Kasarani, jengo la ghorofa nne ambalo ngazi zake ziko upande ulio wazi, kama yalivyo majengo mengi ya mtaa ule. Oda yetu ya vigae iliandikwa na kutiwa sahihi: porseleni isiyong'aa ya daraja R11, yaani daraja la utelezi la uso unaoshika mguu vizuri, kwa ngazi, korido na vibaraza, na porseleni ya kung'aa kwa sebule peke yake. Duka likaleta vya kung'aa kwa jengo zima. Katoni zilikuwa na jina lile lile la rangi, na tofauti pekee ilikuwa herufi moja mwishoni mwa nambari ya bidhaa. Mkandarasi, ambaye nakala ya oda alikuwa nayo mkononi, alizipokea na kubandika ngazi zote wakati mimi nikiwa safarini, na nilipomuuliza alinijibu kwamba rangi ni ile ile. Mwenye duka naye alisema kwamba vya R11 vilikuwa vimekwisha ghalani, na kwamba nilipaswa kushukuru kwa sababu vya kung'aa "vina thamani zaidi".

Sasa mpangaji wetu mmoja, mama mtu mzima, amevunjika mkono. Aliteleza kwenye ngazi siku ambayo hapakuwa na tone la mvua. Anayeishi mitaa yenye mgao wa maji atanielewa mara moja: mifereji ikikauka, wauza maji hupandisha mitungi ya lita 20 hadi ghorofa ya nne, na maji humwagika kila hatua. Ngazi za Nairobi hulowa wakati wa masika, wakati wa vuli, na hata katikati ya kiangazi. Mtu yeyote anayeuza vifaa vya ujenzi katika jiji hili analijua hilo, kwa hiyo asiniambie kwamba ilikuwa ajali isiyotarajiwa.

Nieleze kwanza kwa nini umaliziaji wa uso si suala la urembo. Porseleni, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 13006, ni kigae kisichofyonza maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Hiyo ni sifa ya mwili wa kigae, na haisemi lolote kuhusu uso wake. Kigae kile kile kikitoka tanuri kinaweza kuachwa kama kilivyo, kikawa na uso mkavu usiong'aa. Kinaweza kuwa kimefinyangwa kwa mikwaruzo na vinundu ili kishike. Kinaweza kusuguliwa kidogo tu kwenye sehemu zilizoinuka, ambao ndio umaliziaji unaoitwa lapato. Au kinaweza kusuguliwa kwa mawe ya kunolea hadi kikawa kama kioo. Juu ya uso uliosuguliwa hivyo, maji hutandaza utando mwembamba kati ya soli na kigae, na kwa kuwa hakuna vinundu vya kuupenya utando huo, mguu hauna pa kushika. Muuzaji anayesema "zote ni porseleni, bosi" anasema kweli kuhusu mwili na kumpotosha mteja kuhusu uso.

Kuna kipimo cha jambo hili, na hakikuanza jana. Katika kipimo cha Kijerumani cha DIN 51130, mtu aliyevaa viatu maalumu hutembea juu ya vigae vilivyopakwa mafuta ya injini, huku jukwaa likiinuliwa polepole hadi aanze kuteleza. Pembe aliyofikia ndiyo inayotoa daraja: R9 huanzia nyuzi 6 hadi 10, R10 inafika 19, R11 inafika 27, R12 inafika 35, na R13 inapita hapo. Kwa miguu mitupu, kama bafuni au kando ya bwawa la kuogelea, kuna kipimo kingine, DIN 51097, ambacho hutumia maji ya sabuni na kutoa herufi A, B na C, C ikiwa ndiyo inayoshika zaidi. Watengenezaji wakubwa huchapisha madaraja haya kwenye katalogi zao. Muuzaji anazo, au anaweza kuzipata kwa simu moja, na bado nimeingia maduka kadhaa baada ya tukio hili nikauliza daraja la kigae cha bafuni, nikajibiwa "hii ni grade one".

"Grade one" ni jibu la swali ambalo sikuuliza. Linahusu kasoro za kiwandani: kupinda, madoa, kingo zilizomeguka. Wengine hunijibu kwa kunionyesha alama ya PEI kwenye katoni, wakisema kwamba PEI 4 haitelezi. Huo ni uongo wa wazi. PEI hupima namna tabaka la kioo lililochomewa juu ya kigae linavyostahimili kuchakaa kwa kukanyagwa; haigusi utelezi hata kidogo, na haitumiki kabisa kwa porseleni isiyo na tabaka hilo, ambayo hupimwa kwa njia nyingine. Na wapo wanaonyoosha kidole kwenye maandishi ya R9 kwa fahari, kana kwamba kuwepo kwa herufi R ni kinga, wakati R9 ndilo daraja la chini kabisa katika orodha nzima, la sebule kavu na vyumba vya kulala. Kigae cha namna hiyo hakina kazi kwenye ngazi ya nje.

Wala utelezi sio hasara pekee. Kusugua porseleni hufungua vitundu vidogo mno ambavyo moto wa tanuri ulikuwa umevifunga, na kiwanda kisipoviziba vizuri, uso ule unaosifiwa hunywa madoa: chai, manjano, mafuta ya kupikia, hata grauti nyeusi, ile ya kujazia mianya kati ya vigae, ambayo fundi ameipaka bila kuijaribu pembeni kwanza. Katika vibaraza vyetu vya Kasarani udongo mwekundu umeshaacha kivuli kwenye vigae vyeupe ambacho sabuni haikitoi. Jaribio lake ni rahisi, na duka linalojiamini lingelifanya mbele ya mteja: chora mstari kwa kalamu ya wino mzito, subiri kidogo, futa, uone kilichobaki. Nililiomba jaribio hilo dukani nilipopeleka malalamiko yangu. Nikakatazwa nisiguse sampuli.

Kisha kuna vile vigae vyenye tabaka la kioo lililosuguliwa juu, ambavyo ndivyo vimejaa sokoni kwa sasa kwa sababu vinaweza kuchapwa picha ya marumaru yoyote. Sebuleni vinapendeza, sikatai. Lakini chembe za mchanga zinazoingia na viatu zina madini ya kwatsi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, na kioo cha juu kwa kawaida ni laini kuliko hapo. Penye mlango wa kuingilia kutoka nje ya vumbi, njia ya miguu hufifia huku pembeni pakiendelea kung'aa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Mteja anayejenga penye barabara isiyo na lami anastahili kuambiwa hayo kabla hajalipa.

Nisieleweke kwamba nataka kila sakafu iwe kama msasa. Kigae chenye R12 jikoni kwa mtu wa kawaida ni adhabu, kwa sababu vinundu vyake hushika uchafu na kitambaa cha kupigia deki hukwama na kuchanika. Lapato nayo ina mahali pake, mradi tu isiuzwe kama "katikati" salama, maana sehemu zake zilizosuguliwa huteleza zikilowa kama za kigae cha kung'aa na hunywa madoa vivyo hivyo. Kwa maoni yangu, nyumba nyingi za Nairobi zingetosheka na porseleni isiyong'aa ya R10 jikoni na vyumbani, R11 kwa ngazi, korido na vibaraza, na daraja B la miguu mitupu sehemu ya kuogea. Anayependa kung'aa aweke sebuleni, penye paa na pasipo maji. Huo ndio ushauri ambao duka lilipaswa kunipa bure, na mimi niliwapa tayari umeandikwa, wakaupuuza.

Baada ya mama yule kuanguka, nimepewa suluhisho tatu, na zote zinanikera. La kwanza ni kutandika mikeka, yaani tufunike kwa mpira kile tulichokilipia. La pili ni kupaka dawa ya kuzuia utelezi, ambayo kwa kawaida ni asidi inayokwangua uso: inaua ule mng'ao ambao ndio waliodai una thamani, hufanya kazi kwa viwango tofauti kutoka kigae hadi kigae, na asidi za namna hiyo si kitu cha kumwachia kibarua asiye na glavu. La tatu ni kubandika vipande vya alumini vyenye mikwaruzo kwenye ukingo wa kila ngazi. Hili angalau lina maana kama hatua ya dharura, na tumelifanya kwa fedha zetu, lakini haliwasaidii wanaotembea koridoni wala kibarazani.

Kubandua nako si kazi ndogo, kwa sababu fundi alitumia gundi ya kisasa ya daraja C2, yaani ya simenti iliyoboreshwa ili ishike zaidi, na hapo sina ugomvi naye, kwa kuwa porseleni haifyonzi maji na simenti tupu haiishiki vizuri. Kila kigae kitakachotoka kitatoka vipande vipande. Duka linasema haliwezi kurudishiwa vigae vilivyobandikwa. Mkandarasi anasema alibandika alicholetewa. Nyuma ya risiti kuna mhuri wa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", na wote wawili wanauinua kama ngao.

Mhuri huo haufuti sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya taarifa zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake. Oda yangu ilisema R11. Kilicholetwa si R11. Sioni penye utata hapo, na kama hawatabadilisha vigae vya ngazi na korido kwa gharama zao na kugharimia matibabu ya mpangaji wetu, nitapeleka dai langu katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Lawama nyingine naielekeza kwa wataalamu wetu. Nimeonyeshwa orodha za vipimo na gharama za miradi mikubwa ambazo mstari wa vigae unasema tu "porseleni 600 kwa 600, kama atakavyoidhinisha msanifu". Mstari kama huo unamruhusu mkandarasi kuleta chochote kilicho rahisi kupatikana, na sisi tunaoandika daraja tunaonekana wasumbufu. Wasanifu na wakadiriaji, andikeni umaliziaji, andikeni daraja la utelezi kwa kila eneo la jengo, na mkatae katoni zisizolingana kabla hazijafunguliwa.

Ninachotaka kutoka kwa wauzaji ni kitu kidogo: kwenye kibandiko cha bei cha kila sampuli, chini ya ukubwa na rangi, waandike aina ya umaliziaji, daraja la R, na kama kigae kina tabaka la kioo au hakina. Wanaoagiza makontena mazima kutoka China, India na Hispania hawawezi kushindwa na mstari mmoja wa maandishi.

Kwa wanajukwaa: aliyewahi kushinda dai la vigae visivyolingana na oda katika mahakama hiyo aeleze hapa ni ushahidi gani ulikubaliwa. Ninayo oda iliyotiwa sahihi, risiti, picha za katoni zenye nambari za bidhaa, na vigae viwili ambavyo havijabandikwa. Naomba pia kujua kama kuna maabara hapa Nairobi inayopima utelezi wa kigae kilichokwisha kubandikwa, kwa sababu wakili wa duka ameshaanza kudai kwamba ngazi zetu "hazitelezi kupita kiasi", na nataka nambari ya kumjibu nayo.