Tupeane uzoefu: Umekwenda kwa daktari mgeni, hakukusikiliza. Ikawaje?

Mwana wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Jambo hili limenikaa moyoni tangu mwezi wa Shaaban, leo nalitoa ili nisikie na ya wenzangu.

Mama yangu ana miaka 67, anakaa Wete. Presha anayo muda mrefu na daktari wake ni wa huko huko Pemba, wamezoeana. Alipokuja Unguja kwa harusi ya mdogo wangu, alikuja na kikohozi. Kikavu, hakitoi kitu, kinamuandama zaidi usiku. Homa hana, kifua hakimbani. Nikampeleka kliniki moja ya binafsi hapa mjini, hatujawahi kufika hata siku moja. Jina silitaji.

Benchini tulikaa saa mbili na zaidi, wala hilo halikuniuma. Kilichoniuma kilikuwa ndani. Daktari ananiuliza mimi, "Anaumwa nini huyu?" na mama mwenyewe kakaa mbele yake, ana akili zake na ulimi wake. Mama akajibu, kikohozi, kisha akavuta ncha ya kanga. Akisafiri, vidonge vyake vyote huvifunga humo. Fundo lilikuwa limekaza, akawa analifungua kwa meno. Halijalegea bado, daktari kashaandika: amoksilini, dawa ya maji ya kikohozi, picha ya kifua. Nikamwambia, "Daktari, mama anatumia dawa za presha." Akanijibu bila ya kuinua kichwa, "Presha na kikohozi ni vitu viwili mbalimbali." Mama akalikaza tena lile fundo lake. Njia nzima ya kurudi Fuoni kwenye daladala hakusema neno.

Shilingi 75,000 zikatoka. Picha safi, dawa zikaisha, kikohozi pale pale.

Aliporudi Pemba, daktari wake alimuuliza suala moja tu: kikohozi kimeanza kabla ya ile dawa mpya ya presha au baada yake? Baada yake. Dawa yenyewe ilikuwa lisinopril, na dawa za kundi hilo, enalapril na captopril zikiwemo, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu cha namna hiyo. Akambadilishia losartan. Wiki ya tatu mama akawa analala usiku mzima. (Tafadhali, asije mtu akaacha dawa yake ya presha kwa kusoma haya. Rudi kwa aliyekuandikia, yeye ndiye akubadilishie.)

Suala la pumzi moja lingetuokolea mwezi mzima wa tabu. Na nyinyi yamekukuteni yepi?

Mama Wawili, Kiembesamaki

Pole sana kaka, na mpe pole bi mkubwa. Mimi nilipanda ngazi za ghorofa ya tatu, nahema, na kabla sijakaa vizuri nesi kanifunga kipimo cha presha juu ya mkono wa buibui. 168 kwa 102. Daktari akasema naanza vidonge leo na ni vya maisha. Nilitoka nalia, nina miaka 34.

Binamu yangu ni muuguzi. Alinikalisha nyumbani dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, akanikataza na kuzungumza. Tukapima hivyo siku kadhaa, asubuhi na jioni. Haikuwahi kufika hata 130. Nikaenda na karatasi ya vipimo kwa daktari mwengine, akaniambia sina haja ya dawa, nirudi baada ya miezi mitatu aniangalie tena.

Kijana wa Chake

Mimi nilirudi safari ya bara na homa, nikaandikiwa dawa mseto ya malaria papo hapo bila ya kutolewa hata tone la damu. Kipimo cha haraka cha kidole ni dakika 15 au 20 tu! Siku ya tatu bado natetemeka, nikenda kwengine, nikapimwa damu na mkojo. Malaria hakuna, ugonjwa ulikuwa wa mkojo.

Nisitiri

Langu si la dawa. Nilikwenda kwa tatizo la kike, na daktari simjui. Mlango wa chumba uliachwa wazi kwa sababu ya joto, na benchi la wagonjwa lipo hatua mbili. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida mambo ambayo hata mama yangu sijamwambia. Nikamuomba afunge mlango. Akasema, "Hapa sote watu wazima." Nilijibu yote "hapana", hata yaliyokuwa ndiyo. Siku ya pili, marikiti ya Darajani, jirani aliyekuwa benchini kanipa pole. Mwaka mzima sikwenda spitali yoyote, na tatizo likazidi.

Mhudumu wa afya, Mkoani

Nimesoma yote na sina la kumtetea mtu. Ule mlango ulitakiwa ufungwe, basi. Dada Nisitiri, ukirudi una haki ya kuomba daktari mwanamke na una haki ya mlango kufungwa, na ukikataliwa omba kuonana na msimamizi wa zamu.

Niongeze jambo la upande wetu. Kuna siku foleni inafika nje, na mgonjwa anaanza na maumivu ya goti ya mwaka juzi, dawa anazokunywa anazitaja akiwa keshashika kitasa. Na dawa za miti hazitaji kabisa. Ukiingia kwa mgeni, sema kwanza dawa unazotumia, zote, kisha ndiyo ugonjwa.

Mwana wa Wete

Ahsanteni. Dada Nisitiri, yako imenitoa machozi. Nenda tena, usikae na maradhi.

Nimempigia mama simu, nikamsomea maneno ya mhudumu wa Mkoani. Akaniambia, "Basi ninunulie daftari, fundo linanichelewesha." Nimenunua dogo la skuli, nimeziandika dawa zake zote kwa herufi kubwa, na asubuhi nimempa mtu anayeondoka na boti. Ukurasa wa mwanzo una jina la lisinopril peke yake, na chini yake: ilimletea kikohozi, asipewe tena.