MJADALA: Nadharia ya mageuko imerekebishwa mara nyingi. Je, hiyo ni sababu ya kutoiamini darasani?

Mzawa wa Mtama

Wakuu, salaam. Kuna mwalimu mmoja huku Lindi, vijana wake wa kidato cha nne wakifika mada ya mageuko ya viumbe huwaambia: "Andikeni mfaulu, ila msiamini. Hata wazungu wenyewe kila siku wanabadilisha." Wazazi wengi wanampigia makofi. Imani ya mtu siigusi. Ninachotaka tujadili ni hiyo sababu yake, maana naiona mbovu.

Kwamba nadharia imebadilika, hakuna ubishi. Mwaka 1809 Lamarck, mwanasayansi wa Ufaransa, alifundisha kwamba kiungo kinachotumika sana hukua, na watoto hukirithi kikiwa hivyo hivyo. Mwaka 1858 maandiko ya Waingereza wawili, Darwin na Wallace, yalisomwa pamoja London, na mwaka uliofuata Darwin akatoa kitabu chake: viumbe huzaliwa wakitofautiana, wengi hufa kabla ya kuzaa, na wale ambao tofauti zao zinawafaa pale walipo huacha uzao mwingi zaidi. Huo ndio uteuzi wa asili.

Ila Darwin hakujua urithi unafanyaje kazi. Alidhani sifa za baba na mama huchanganyika kama chai na maziwa. Fleeming Jenkin, mhandisi, akambana hapo hapo mwaka 1867: kama ndivyo, sifa mpya nzuri itazimuliwa kila kizazi hadi ipotee, sasa uteuzi wa asili utateua nini? Hoja nzito kweli. Jibu lilikuwa limeshachapishwa mwaka 1866 na mtawa Mendel, aliyekuwa akihesabu njegere bustanini: sifa hurithiwa kama vipande vinavyobaki vilivyo, hazizimuliwi. Lakini hakuna aliyelitilia maanani mpaka 1900. Hata baada ya hapo walikuwapo waliodhani Mendel amemzika Darwin. Hesabu za Fisher, Haldane na Wright, miaka ya 1920 na 1930, ndizo zilizoonyesha kwamba wawili hao wanasaidiana.

Basi nauliza: katika mwendo wote huo, ni lini ushahidi uliwarudisha nyuma waseme viumbe hawana ukoo mmoja? Kilichobadilika ni maelezo ya namna mageuko yanavyotokea.

Shehena ya Korosho

Mzawa, umeandika vizuri lakini umechagua mifano inayokupendeza. Mbona hukumtaja Lord Kelvin, yule mwanafizikia? Huyo hakuwa mtu wa mtaani. Mwaka 1897 alisema umri wa dunia ni kati ya miaka milioni 20 na 40, muda ambao haumtoshi Darwin hata kidogo. Leo mnasema bilioni nne na nusu. Na fuvu la Piltdown je? Lilitangazwa Uingereza mwaka 1912 kuwa la babu wa binadamu, ikaja kuthibitishwa 1953 kwamba ni la kughushi. Miaka 41! Mtoto aliyefundishwa fuvu lile mwaka 1930 alidanganywa, na aliyemdanganya alikuwa na digrii.

Mimi ni Mwislamu, sihitaji maabara inithibitishie Qurani. Lakini usinitake nimwambie mwanangu apokee kama ukweli kitu ambacho wenyewe wanakishona viraka. Mwalimu yuko sawa.

Binti Kilwa

Naomba kuongezea. Yule samaki silikanti wavuvi walimnasa Songo Mnara mwaka 2003. Vitabu vilisema ametoweka pamoja na dinosaria, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka zaidi ya milioni 60 yupo vile vile. Mageuko yake yako wapi?

Kijana wa Mingoyo

Mnabishana bure. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa hapa Lindi, arudishwe kwanza kutoka Berlin, halafu tufundishane.

Mzawa wa Mtama

Kijana wa Mingoyo, hilo la mjusi lina uzito wake, lianzishie mada nitakuunga mkono. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na watu wetu kwa miguu hadi bandari ya Lindi kati ya 1909 na 1913, na Boheti bin Amrani, msimamizi wa machimbo, wangapi humu wanamjua?

Dada Binti Kilwa, silikanti wa leo si yule wa kwenye visukuku, mabaki ya kale yaliyogeuka mawe. Wanafanana umbo, lakini mifupa na ukubwa vinatofautiana kiasi kwamba wamewekwa jenasi (kundi la spishi) tofauti. Halafu nadharia haimlazimishi kiumbe abadilike kwa ratiba. Anayeishi kwenye mapango ya kina kirefu, mazingira yaliyotulia, haraka ya nini?

Sasa Shehena, kaka yangu. Kelvin alikokotoa kwa kudhani dunia ni kitu kigumu kinachopoa tu, na mionzi ya madini bado haikuwa inajulikana ilivyo. Ilipojulikana, mawe yakapimwa kwa mionzi hiyo hiyo. Mwaka 1956 Clair Patterson alipata miaka bilioni 4.55, na tangu hapo tarakimu hiyo haijasogea kwa maana yoyote. Kwa hiyo "kesho watabadilisha tena" si kweli kwa kila kitu. Kuna vitu vinatulia.

Piltdown nakupa, ni aibu. Lakini tazama kwa nini lilidumu: lilikuwa fuvu la Kiingereza lenye ubongo mkubwa, yaani walichotaka kusikia. Raymond Dart alipotangaza fuvu la mtoto wa Taung, Afrika Kusini, mwaka 1925, wakubwa wa London walimpuuza, na Piltdown ilikuwa mojawapo ya sababu. Mifupa ya Afrika ikaendelea kutoka ardhini hadi lile la kughushi likabaki peke yake, halifanani na lolote.

Na kuna kisa kinachotuhusu zaidi sisi, kimepita hapa hapa. Hans Reck, mjiolojia Mjerumani aliyeongoza machimbo ya Tendaguru msimu wa 1912, alikwenda Olduvai mwaka 1913 akakuta mifupa ya mtu, kiunzi kizima, kwenye tabaka la kale mno. Akatangaza kwamba binadamu kama sisi aliishi pamoja na wanyama waliokwisha kutoweka. Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, ambaye naye alifanya kazi Tendaguru mwaka 1924 akiwa kijana, alimkatalia kwanza, kisha mwaka 1931 walipokwenda Olduvai pamoja akamkubali. Wakubwa wawili wakaafikiana, na wote wakawa wamekosea. Udongo ulioganda na ile mifupa ulipochunguzwa ulikutwa na chembe nyekundu na vipande vya chokaa visivyokuwamo katika tabaka lile, vya matabaka ya juu yake. Maana yake yule mtu alizikwa, kaburi likachimbwa kutokea juu. (Mchimba kaburi yeyote wa huku angewaambia kwamba udongo haurudi shimoni kwa mpangilio uliotoka nao.) Baadaye kipimo cha kaboni kikatoa kama miaka 17,000. Leakey alilazimika kufuta kauli yake hadharani.

Hivyo ndivyo viraka vinavyoshonwa, Shehena. Kila kimoja kina sababu inayoweza kuonyeshwa mezani.

Muuguzi wa Mtwara

Naona mmezama kwenye mifupa. Mimi nipo wodini. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi: mtoto akirithi kinasaba chake kutoka kwa wazazi wote wawili anaugua. Akirithi kimoja tu, malaria kali inampata kwa nadra kuliko wenzake. Anthony Allison alionyesha hilo mwaka 1954 kwa watu wa Afrika Mashariki. Ndiyo maana kinasaba kinachoua hakijaisha penye mbu wengi kama huku kwetu. Na klorokwini mnaikumbuka? Vimelea viliizoea, tukaiacha mwaka 2001 tukaingia SP (dawa nyingine ya malaria), na ilipofika 2006 tukawa kwenye dawa mseto. Mgonjwa anayeishia dozi katikati akisikia nafuu, mimi namweleza uteuzi wa asili bila kuutaja jina. Huwa ananielewa.

Shehena ya Korosho

Kisa cha Reck sikukijua, nakishukuru. Na vimelea kuzoea dawa sikatai, naona kwa macho. Ila kutoka kimelea hadi mimi na sokwe kuwa ndugu ni hatua ndefu, na hiyo siivuki.

Mzawa wa Mtama

Sikulazimishi uivuke, Shehena. Namtaka mwalimu tu aache kusema "kila siku wanabadilisha" akanyamaza hapo. Aseme nani alibadilisha, mwaka gani, kwa ushahidi upi. Akishamaliza, mwanao atakuja kukuuliza nyumbani, na wewe utamjibu kama baba yake.