MREJESHO: Funza ndani ya maembe

Habari wakuu. Msimu uliopita niliuliza kwa nini maembe yangu yanaonekana mazima kwa nje lakini ndani yamejaa funza, ilhali nilikuwa napuliza dawa kila wiki. Mlinijibu kuwa ni nzi wa matunda kutoka Asia, yule aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, na kwamba dawa haimfikii funza akishakuwa ndani ya tunda.

Kosa langu kubwa lilikuwa maembe yaliyoanguka. Niliyaacha chini ya miti, kumbe funza hutoka humo, hujichimbia ardhini, hugeuka pupa, kisha huibuka nzi wapya. Sasa nayaokota kila baada ya siku mbili, nayafunga kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuianika juani hadi funza wafe. Hii ndiyo kazi iliyonichosha zaidi, na ndiyo iliyosaidia zaidi. Mitego ya kivutio nimetundika pia, ila inanasa madume tu. Kwa majike naweka chambo cha protini chenye sumu.

Nimevuna maembe mengi safi, ingawa miti ya mpakani bado inashambuliwa, maana kwa jirani matunda yanaozea chini. Nimeshaongea naye, tutaokota pamoja. Asanteni sana.